Mkono wa Karani na Ulezi wa Mzee Polikarp

Jumapili ya Matawi, 6 Aprili 1952

Daftari hili nilipewa na Mzee Halfani, tajiri wangu pale dukani, kwa sababu panya walilitafuna pembeni na hakuna mteja ambaye angelinunua. Nililiweka nikingoja jambo kubwa la kuandika. Leo limepatikana, ila si lile nililokuwa nikiliombea.

Baada ya misa nilikwenda kumwamkia Mzee Polikarp wa hapa Kizwite, baba yake Kalista. Mvua ilikuwa imetupiga wakati wa maandamano, matawi yote yanachuruzika maji shingoni, lakini mimi nilijiona bwana harusi kabisa. Nilivaa shati jipya la mikono mifupi. Hilo shati ndilo lililoniponza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, akanyoosha mkono. Lakini hakushika kiganja changu kama watu wote. Alishika hapa juu, kwenye kigasha, kati ya kiganja na kiwiko, kama mtu anayechagua mpini sokoni. Vidole vyake vikazunguka, vikakutana upande wa pili, na nafasi ikabaki.

"Huu ni mkono au ufito?" akauliza.

"Ni mkono, baba."

"Nilitaka kuwa na hakika."

Watu wakacheka. Kanisa zima lilikuwa bado limesimama pale nje, maana mvua ilianza tena na kila mtu alijibana kwenye baraza. Mzee Polikarp akapaza sauti ili hata viziwi wasikie. Akasema katika ukoo wake anayetaka binti hapeleki maneno, anapeleka mikono. Anakuja siku ya kupura ulezi, anashika fimbo jua likichomoza, anapura mpaka jua la utosi bila kuiweka fimbo chini hata mara moja. "Mimi mwenyewe baba mkwe alinifanya hivyo hivyo," akasema. "Ukiiweka chini, rudi dukani ukapime khanga. Basil naye nimemwambia hayo hayo."

Huyo Basil, ambaye naye anamtaka Kalista, alikuwa palepale. Amerudi juzi kutoka migodi ya shaba kule Rodeshia ya Kaskazini, na mikono ya shati ameikunja mpaka mabegani katika baridi hii, wala hakuna asiyejua ni kwa nini. Vigasha vyake vimejaa kama mkate wa mofa.

Kalista aliinama akitazama matope. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mimi nasema alikuwa analia.

7 Aprili

Mvua. Nimeanza leo. Ulezi hupurwa Julai, muda ninao.

Nimechubua gome la mti nyuma ya nyumba ya shangazi, gome bichi linalodondosha maji, nikasokota kamba. Nimeizungusha kwenye kigasha pale palipo panene (kama papo), na ncha zilipokutana nikakata. Huo ndio ushahidi wangu. Kila Jumapili nitajifunga, na siku ncha zitakaposhindwa kukutana nitajua mkono umekua. Ningeweza kuazima futi ya dukani, lakini Bi Kulsumu, mke wa tajiri, akiona karani anajipima mkono, Sumbawanga yote itapata habari kabla ya adhuhuri.

9 Aprili

Nimenyanyua jiwe la mizani la ratili tano chini ya kaunta, wateja wasione. Mwanamke mmoja akaomba sukari ratili tano. Tulitafuta jiwe, mimi na Mzee Halfani, yeye juu na mimi chini, na kumbe nimelishika mimi.

Ijumaa Kuu

Nimefunga. Mazoezi nayo nimeyafunga.

18 Aprili

Yule askari wa zamani anayelinda bohari aliniambia kule vitani Burma walikuwa wanafunga kitu kizito kwa kamba katikati ya kijiti, halafu unashika kijiti kwa mikono miwili mbele yako, unakisokota mpaka mzigo upande, kisha unaushusha polepole. Unafanya vigasha tu, mabega yametulia. Nikaona hii ndiyo elimu.

Nikafunga mfuko wa chumvi. Ukapanda vizuri sana. Kushuka ndiko kulikuwa kwa haraka. Ulitua kwenye debe la mafuta ya taa, debe likalala, mafuta yakaenda moja kwa moja kwenye marobota ya kitambaa cha amerikani.

Mzee Halfani aliingia, akanusa, akanitazama nimeshika kijiti kitupu.

"Kasimiri," akasema kwa upole unaotisha, "unavua samaki?"

Nikamweleza yote, ya Kalista na ya ulezi. Nilitegemea ngumi. Akakaa juu ya gunia akacheka mpaka kofia ikamdondoka, halafu akaniambia niifue amerikani yote mwenyewe, niikamue kwa mikono mpaka harufu itoke, maana hiyo ndiyo dawa ya vigasha. Mtu mwenye roho mbaya kuliko wote hapa mjini ni huyu.

20 Aprili

Nimejifunga kamba. Ncha zinakutana. Nimekamua amerikani siku mbili na ncha zinakutana!

27 Aprili

Mvua zinapungua. Nimeingia katika ugomvi na shangazi Marsiana, na nimeshindwa.

Alinikuta uani nakamua blanketi lake. Halikuwa chafu. Nilikuwa nimelilowesha makusudi, kwa mara ya tatu wiki hii, na likachanika katikati.

"Mwanangu," akasema, "blanketi limekukosea nini?"

Nikamwambia nataka mkono. Alipandisha khanga yake mpaka kwenye kiwiko akauweka mkono wake karibu na wangu. Sijawahi kuutazama mkono wa shangazi yangu, na nimelelewa nao. Ule mkono ungemfanya Basil ashushe shati lake.

"Huu sikuupata Rodeshia," akasema. "Jiwe lile pale."

Jiwe la kusagia liko pembeni ya jiko, kubwa limelala chini, dogo juu yake. Nimelipita kila siku ya maisha yangu. Nikamwambia shangazi, mimi ni mwanamume, nimesoma mpaka darasa la sita kwa mapadre, siwezi kupiga magoti kusaga ulezi kama mwanamwali. Akasema sawa, akaondoka na vipande vyake viwili vya blanketi.

28 Aprili

Nimesaga. Mlango nimeufunga kwa komeo.

29 Aprili

Siwezi kuandika, mk

2 Mei

Sasa vidole vinakunjuka. Niandike haraka. Kusaga si kazi ya kuielezea mtu ambaye hajasaga. Unapiga magoti, unalisukuma jiwe dogo mbele, unalivuta, na baada ya muda unaotosha kufa ukiangalia chini kuna unga wa kumnywesha uji kifaranga. Shangazi alikaa mlangoni akila karanga. "Usilikandamize hivyo," alisema. "Umelikaba kama mwizi." Mimi nilizidi kulikaba, maana nia yangu si unga, ni mkono.

11 Mei

Matope yamekauka, upepo umeanza. NCHA HAZIKUTANI! Nimejifunga kamba mara nne. Imebaki nafasi ya upana wa ukucha. Nimemwonyesha shangazi, akasema hm.

17 Mei

Balaa.

Jirani yetu Bertilla alikuja kuomba moto. Shangazi hakuwepo, na komeo nilikuwa nimelisahau kwa ajili ya furaha ya kamba. Akaingia akanikuta nimepiga magoti, khanga ya shangazi nimejifunga kiunoni kukinga unga, naimba.

"Yesu na Maria!" akasema Bertilla.

Nikamwambia nilikuwa natafuta shilingi iliyodondoka. Akalitazama jiwe, akautazama unga, akanitazama khanga. Akachukua moto wake akaondoka bila neno, na Bertilla akiondoka bila neno ujue analihifadhi aende kulitumia kwa watu wengi zaidi.

18 Mei

Kanisani leo kila mtu alinitazama magotini.

20 Mei

Wanawake watatu wamekuja na nyungo za ulezi. "Tumesikia kuna mashine," wakasema. Nikawafukuza. Shangazi akawaita warudi.

"Unataka mkono hutaki?" akaniuliza.

Nimesaga nyungo tatu.

25 Mei

Nafasi ya kamba sasa yafika upana wa kidole kidogo. Sisemi kitu, lakini leo nimekwenda misani nimekunja shati. Baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa na sikuikunjua.

28 Mei

Ramadhani imeingia. Basil amekuja dukani kununua kitambaa cha suruali. Akaegemea kaunta na mikono yake yote.

"Bwana Karani, ile mashine yako inatumia mafuta gani?"

Nikampimia kitambaa, na kama kilipungua kidogo basi ni upepo. Halafu akafanya jambo la ajabu. Akatazama mlangoni kama hakuna anayesikia, akasema: "Sikiliza. Siku ile usiibane sana fimbo. Ishike kwa kulegeza, iache ipige yenyewe. Ukiibana mkono utakufa."

Nimeelewa. Anataka fimbo inichomoke mbele ya watu. Nitaibana mpaka itoe maji.

4 Juni

Kalista amekuja dukani. Mzee Halfani, ambaye kwa kufunga alikuwa amelala juu ya magunia tangu asubuhi, akafungua jicho moja.

"Habari za hapa, Kasimiri."

"Njema. Nikupe nini?"

"Chumvi." Akalitazama lile jicho. "Ni kweli wanayosema?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba unasaga."

Nikamwambia ni mazoezi tu, ya kuimarisha vigasha, hata askari wa Burma walifanya kitu kinachofanana na hicho. Hakuonekana kuwajali askari wa Burma.

"Unga unatoka laini?"

"Unatoka," nikasema, na ulimi wangu mpumbavu ukaendelea wenyewe, "ila ukiukausha ulezi juani kwanza unatoka laini zaidi, na usiweke mwingi kwa mara moja."

Akanitazama sana. Akasema, "Ahaa." Akageuka akaenda zake, chumvi ameiacha juu ya kaunta.

"Amekasirika," nikamwambia Mzee Halfani.

"Amesahau chumvi," akasema akafumba lile jicho. Sijui hiyo ilikuwa faraja ya namna gani. Moyo umenivunjika na nimefunga duka mapema.

8 Juni

Nafasi: kidole cha kati. Sina furaha nayo.

12 Juni

Bi Kulsumu ameniita ndani. Amesikia, kama nilivyojua atasikia. Nikajiandaa kwa matusi. Akanipa pishi ya ulezi, akasema uji wa futari unaosagwa na yule msichana wake una mchanga, na kuanzia leo anataka wa mkono wangu.

"Bi Kulsumu, mimi ni karani."

"Na mimi nimefunga," akasema. "Ulezi huo."

15 Juni

Mzee Halfani amesema hajawahi kunywa uji wa futari kama ule tangu kwa mama yake. Machozi yalimlengalenga. Ninaanza kumwona kuwa si mtu mbaya.

24 Juni

Iddi. Nimepewa pilau na shati. Mikono mirefu, asante Mungu, maana asubuhi kulikuwa na umande mweupe umeganda juu ya majani na nilikuwa nimechoka kuumwa na baridi kwa ajili ya kujionyesha. Nimelivaa halafu nimelikunja.

29 Juni

Vidole viwili! Nafasi inaingia vidole viwili! Nilimwita shangazi aje aone. Akasema mkono anauona ni uleule. Uzee unampunguzia macho, maskini. Nimemwambia nitamtunza.

6 Julai

Mzee Polikarp ametangaza: Jumamosi hii. Ulezi umekwisha kukaushwa, uwanja umekwisha kusiribwa kwa udongo na samadi, pombe imekwisha kupikwa. Basil amenipa mkono baada ya misa akasema, "Kumbuka, kulegeza." Nikatabasamu kama mtu anayeuona mtego kwa mbali.

Ijumaa, 11 Julai

Nisingependa kuandika haya.

Mchana Bi Kulsumu alikuwa uani anafua, akaniuliza kama nina wasiwasi na kesho. Nikamwambia sina, ninao ushahidi. Nikaitoa kamba mfukoni, nikajifunga mbele yake, nikamwonyesha vidole viwili. Nikamweleza kwamba mwezi wa nne ncha hizi zilikuwa zinabusiana.

"Mashallah," akasema. "Hebu niione." Akaichukua kwa mkono wenye sabuni, ikamteleza, ikaingia ndani ya karai. Tulikaa tunazungumza habari za harusi, mimi nimeegemea ukuta nimekunja shati, mpaka akamaliza kufua. Akaikuta chini ya nguo, akaikamua, akanirudishia. "Jifunge tena nione."

Nikajifunga. Ncha zikakutana. Zikapitana hata.

Nikaivua nikaifunga mkono wa kushoto. Zikapitana zaidi. Bi Kulsumu alinitazama, akaitazama kamba, na nikamwona anaelewa kabla yangu.

"Kasimiri. Gome hili ulilichubua lini?"

"Aprili. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Lilikuwa bichi."

"Linadondosha maji."

"Na tangu hapo kuna jua na upepo." Akaweka mkono mdomoni. "Mwanangu, mkono haujakua. Kamba ndiyo imenywea."

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Tangu Aprili nimepiga magoti kwenye jiwe, nimeitwa mashine, nimefanya Sumbawanga nzima inicheke, Kalista ameniachia chumvi kwenye kaunta, na kumbe nilikuwa nakausha kamba! Bi Kulsumu alikimbia ndani. Nikasikia anacheka mpaka anakohoa, halafu akatoka na uso wa huruma na chupa ya mafuta ya nazi, akanisugua vigasha vyote viwili mwenyewe kama mama. "Nenda," akasema. "Aibu uliyobaki nayo ni ndogo."

Nitakwenda. Lakini naandika hapa kwamba nampenda Kalista, tangu ile siku alipoleta yai dukani kubadilisha na sindano na likavunjika likamwagikia kaunta nzima, akacheka badala ya kulia. Kesho nitampoteza kwa sababu ya kamba.

Jumapili, 13 Julai

Jana sikuandika kwa kuwa mkono haukuwa wangu. Naandika leo polepole.

Tulifika jua linachomoza. Upepo ulikuwa unakata masikio. Masuke ya ulezi yamemwagwa uwanjani, meusi kwa mekundu, rundo la kutisha. Wanaume wa ukoo walijipanga na fimbo zao, lakini macho ya watu yalikuwa kwetu wawili. Mzee Polikarp akanipa fimbo, akanipima kigasha tena kwa vidole. Vikakutana. Akaguna.

Tukaanza. Niseme kweli tupu: Basil alipura vizuri. Fimbo yake ilikwenda juu kwa raha ikarudi chini kwa raha, na mbele yake punje zikawa zinaruka kama mvua ya mawe. Mimi niliibana yangu kwa nguvu zote, meno nimeyauma, kila pigo likinirudi mpaka kwenye fizi. Lakini nilipiga. Kulikuwa na kitu kimoja tu kichwani mwangu, nisiiweke chini.

Jua lilipopanda Basil aliiweka fimbo yake chini, akaenda kunywa pombe kidogo. Watu wakaguna. "Kiu," akasema, akarudi akaendelea. Baadaye akaiweka tena ili asokote sigara. Mzee Polikarp akajifanya anatazama ng'ombe. Mimi nilikuwa na kiu kuliko Basil mara saba, na pua inachuruzika, na sikuipangusa.

Kufika kwenye jua la utosi nilikuwa sisikii tena mkono. Unakwenda, unarudi, kama ule wa kwenye jiwe. Hatimaye nikasikia Mzee Polikarp anaita, "Basi! Fimbo chini!"

Fimbo zote zikashuka. Yangu haikushuka.

"Karani, nimesema basi. Weka chini."

"Naweka, baba."

"Mbona huweki?"

Niliamrisha vidole vifunguke. Havikufunguka. Vilikuwa vimeizunguka ile fimbo vimeganda. Nilivuta kwa mkono wa kushoto, hakuna. Nilitikisa, fimbo ikampiga mjomba wake Kalista begani. Wakanishika wanaume wawili, mmoja anavuta fimbo, mwingine ananivuta mimi, tukazunguka uwanja mzima juu ya ulezi. "Hiyo nayo ni kupura," akasema mtu, na watu wakalala chini kwa kicheko. Waliniletea kibuyu nikanywa kwa mkono wa kushoto, fimbo imesimama kuliani kwangu kama ya askofu.

Hapo shauri likaanza. Basil ndiye aliyepura zaidi, hilo hata kipofu aliliona. Lakini ameiweka fimbo chini mara mbili. Na mimi?

"Hajaiweka," akasema shangazi Marsiana kwa sauti ya kanisani. "Mpaka sasa hivi hajaiweka. Polikarp, neno lako tulilisikia sote siku ya Matawi."

"Hakuiweka kwa sababu hawezi!" akasema Mzee Polikarp.

"Ulisema anayeweza au ulisema asiyeiweka?"

Mzee Polikarp akavua kofia akakuna kichwa. Mikono yangu ni fito, kila mtu anaona. Mikono ya Basil ni mikono. Nikaona anageuka upande wa Basil, na nikajua imekwisha.

Ndipo Kalista alipotoka kwa wapepetaji, vumbi la makapi limemjaa kichwani. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akaushika mkono wangu wenye fimbo, akaanza kuvikunjua vidole, kimoja kimoja. Alianza na kidole gumba. Nilikitazama kigasha chake kikifanya kazi karibu na changu, na chake ni kinene. Fimbo ikaanguka.

"Ameiweka sasa," akasema Mzee Polikarp haraka.

"Nimeiweka mimi," akasema Kalista. "Baba, niulizeni basi na mimi. Ulezi wetu tunaupura siku ngapi kwa mwaka?"

"Siku mbili. Tatu."

"Na unasagwa siku ngapi?"

Mzee akavaa kofia tena.

"Kila siku," akasema Kalista. "Kila siku mpaka nife. Basil ni mtu mwema, na wa kupura wapo wengi, hata tukiwaita kwa pombe watakuja. Nitajieni mwanamume mmoja mwingine wa kusaga, Ufipa nzima, nami nitachagua kati yao."

Wanaume walitazama fimbo zao. Mzee Polikarp akawageukia mmoja mmoja kama anatafuta wa kujitolea, na kila aliyetazamwa akajifanya anakohoa. Mwisho mke wake, mama yake Kalista, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akaweka ungo chini.

"Ningekuwa na akili ya huyu mtoto," akasema, "nisingekuwa hapa."

Basil ndiye aliyeanza kucheka. Akaja akanishika begani. "Nilikuambia ulegeze," akasema. "Ungelegeza vidole visingeganda, nawe ungeiweka chini kama sisi. Bahati yako hukunisikiliza, ila mimi nilitaka tu usiumie." Nimemdhania vibaya tangu Mei, na kile kitambaa chake nitamwongezea nilichopunguza.

20 Julai

Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa. Jina langu lilipotajwa mtu mmoja nyuma alinguruma kama mashine. Nimegeuka nikampungia mkono.

27 Julai

Tangazo la pili. Kalista amesema atasaga siku moja na mimi siku moja, na Jumapili tutakula viazi. Ile kamba shangazi amefungia mguu wa kuku.

Jumapili, 3 Agosti

Tangazo la tatu. Hakuna aliyepinga.

Nilikuwa jikoni baada ya misa, nasaga unga wa pombe ya harusi, mlango wazi, simfungii mtu komeo tena. Kivuli kikaingia. Mzee Polikarp, amevaa koti zito jua kali, na chini ya koti kuna kitu kimevimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akatazama nyuma, akatazama kwa Bertilla, akausukuma mlango ukafungika. Akafungua koti. Ungo wa ulezi.

"Mama yake Kalista ameacha kusaga," akasema, akilitazama jiwe. "Tangu ile siku. Anasema nikafundishwe na mkwe wangu. Tunakula viazi wiki ya tatu sasa."

Sikucheka. Mungu ni shahidi wangu sikucheka. Nikasimama, nikajipangusa unga, nikamwomba anyooshe mkono. Nikamshika kigasha, pale kati ya kiganja na kiwiko, nikazungusha vidole vyangu. Havikukutana.

"Utaweza, baba," nikamwambia. "Piga magoti."